Ya Tatu

Ubishi aliuanza Kabugho, muuza chapati,
aliposema, bila kuinua macho kikaangoni,
kwamba hajazaliwa shujaa wa kumshinda Mtu wa Zege:
filamu tatu, zote tatu nzito,
na mwenye la kusema alipe kwanza deni la jana.

Tukacheka. Lakini Thembo alikuwa ameshavua kofia,
na Thembo akivua kofia hamalizi kabla ya saa nne.
Zege hupasuka, alisema. Mwanamke Sumaku je?
Aliyesimamisha treni kwa kidole cha mwisho,
aliyezivuta risasi za kikosi kizima
akazivaa shingoni kama shanga?

"Huyo akivuka Mpondwe," Kabugho akajibu,
"Bwera nzima tutalala bila mabati."

Ilikuwa jioni ya siku ya soko,
malori yamepanga foleni forodhani kama ng'ombe wa josho.
Hata dereva mmoja wa Beni, ambaye hakuulizwa,
alishuka kutuambia kwao walizitazama kwa Kifaransa
na kwa Kifaransa Zege ana adabu zaidi.

Ya kwanza, tulikubaliana, haikosi utamu:
mtu hajajua bado mikono yake inaweza nini,
anashika kikombe, kinakuwa unga,
anashangaa, nasi tunashangaa naye.
Ya pili ina adui wa kweli.
Ya tatu (hapo Thembo akatema kapi la muwa)
ya tatu ni tamaa ya tajiri,
ni kumkamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.
Hakuna ya tatu iliyowahi kuzaliwa na akili.

Kimya.

Maana kwetu majina hayafichi kitu.
Mumbere hutangulia, Bwambale humfuata,
na Baluku, wa tatu kwa mama yake,
alikuwa palepale juu ya kreti ya soda,
chapati imemgandia nusu ya njia kwenda mdomoni.
Na Kabugho naye, wa tatu kwa wasichana,
ndiye aliyeshika mafuta ya moto.

Baluku hakupandisha sauti.
"Mumbere alipewa shamba la kahawa.
Bwambale alipewa karo, yuko Kampala.
Mimi nilipewa viatu vyao.
Sasa niambie, Thembo, nani anamwogesha mzee?
Ya kwanza na ya pili zinabomoa mji, mnapiga makofi.
Vioo nani anafagia?
Mmesahau Zege wa tatu, pale mafuriko yanapokuja,
hapigani na yeyote,
anaingia mtoni, anaweka bega chini ya daraja,
anashikilia mpaka mtu wa mwisho avuke?"

Hakuna aliyesahau. Mimi naapa nililiona daraja lile,
matope yake, mwanamke aliyebeba cherehani kichwani.

Ndipo Masereka, mwenye kibanda cha video,
aliyetutafsiria zote sita kwa Kiswahili chetu cha mpakani,
akakohoa.
"Daraja gani?
Umeme ulikatika kabla filamu haijafika nusu.
Mlikuwa mmelipa mia tano mia tano, na mvua nje, mngeniua.
Nikasimama mbele ya kioo kilichokufa, nikaendelea.
Lhubiriha ulikuwa unanguruma nyuma ya ukuta.
Nilisema nilichokuwa nasikia."

Dereva wa Beni akauliza kama anaweza kupata chai.

"Basi hiyo haihesabiki," Thembo akasema, lakini polepole,
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Inahesabika," Kabugho akasema. "Mia tano yangu ilihesabika."

Baluku alikunja chapati yake kwenye gazeti,
akaongeza ya pili, laini, ya mtu asiye na meno,
akashika njia ya mlimani kabla maji ya mzee hayajapoa.

Thembo akavaa kofia. Akalipa deni la jana.
La leo, alisema, tusubiri,
halijafika hata filamu ya pili.